Kipa wetu leo hakuja

Swali lilikuwa la kawaida tu. "Kocha, leo imekuwaje?"

Tulikuwa tumefungwa manne kwa moja. Aliyeuliza si mwandishi wa habari. Ni shabiki wetu mmoja anayependa kurekodi, na klipu zake zote huishia kwenye kundi la WhatsApp la timu. Simu kaielekeza usoni kwangu, mkono wa pili kashika chupa ya maji ambayo ameshaisahau, inamwagikia viatuni. Nikavuta pumzi, nikatabasamu lile tabasamu la mtu mwenye hasira, nikajibu:

"Kwa kweli leo kipa wetu hakuja."

Akacheka. Nikacheka. Waliosimama nyuma yangu nao wakacheka na, nisiwafiche, nilijisikia vizuri. Jibu fupi, lina utani, mada imekwisha.

Usiku, kwenye saa tatu hivi, ukaingia ujumbe kutoka kwa kipa mwenyewe. Ni kijana wa miaka 17, na tangu nianze kumfundisha hajawahi kuniandikia bila kutanguliza "Shikamoo kocha". Safari hii hakutanguliza kitu.

"Nilikuja kocha."

Basi.

Hii ni wiki ya sita, na ule ujumbe bado sijaufuta.

## Nilisema kweli

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kujitetea kimoyomoyo. Uongo wangu uko wapi? Bao la pili alitoka langoni, akasita, akataka kurudi, akasita tena, mpira ukampita juu ya kichwa. Bao la tatu lilikuwa shuti ambalo hata mimi na goti langu hili bovu ningelidaka. Likampenya kati ya mikono na kifua, likaingia taratibu kana kwamba linaomba radhi. Uwanja mzima uliona. Mimi nimesema kilichoonekana, kosa langu nini?

Utetezi wenyewe si mpya. Makocha wakubwa nao hujitetea hivyohivyo: nimesema ukweli, mashabiki wana haki ya kusikia ukweli, wachezaji ni watu wazima na wanalipwa vizuri. (Wa kwangu si mtu mzima na halipwi, lakini tuyaache hayo kwanza.)

Nilipoendelea kujitetea ndipo nikaona penye tundu. Ukweli ambao watu wote wameshauona hausubiri kutangazwa na kocha. Hakuna aliyekuwa pembeni ya uwanja ule akingoja nimfahamishe kwamba kipa kaboronga. Hata kipa mwenyewe alijua kabla mpira haujatulia wavuni. Sasa, kama hakuna niliyempa habari, nilikuwa nasema ili iweje? Na nilikuwa namwambia nani?

Hapo ndipo paliponikwama, na nikaanza kuwatazama upya makocha niliozoea kuwacheka pamoja nao.

## Mwili wa Shaw, akili ya Mourinho

Aprili 2017, Manchester United wametoka sare ya 1-1 na Everton pale Old Trafford. Luke Shaw, beki wa kushoto mwenye miaka 21, ameingia kutoka benchi na amecheza vizuri. Kocha wao, José Mourinho, anaulizwa kumhusu. Anakubali kijana kacheza vizuri, kisha anaongeza kwamba ulikuwa mwili wa Shaw, ila akili ilikuwa yake yeye Mourinho. Shaw alikuwa akicheza upande wa benchi, kwa hiyo kila uamuzi alifanyiwa na kocha aliyesimama pale mstarini.

Mwaka ule nilicheka sana. Nadhani niliirudia hata mazoezini, kwa kumtania mchezaji wangu mmoja.

Leo naitazama kwa jicho jingine. Kocha aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwa beki wake, akimwelekeza kwa mdomo muda wote, alihitaji maikrofoni ya nini ili amfikie? Maneno yale hayakuwa ya Shaw. Yalikuwa yetu sisi, na ya mabosi wa klabu. Tulikuwa tunaambiwa: kizuri mlichokiona leo ni changu, na kibaya mtakachokiona wiki ijayo mnajua ni cha nani.

Wapo wanaosema ile ilikuwa dawa chungu na imemkomaza kijana. Wanatoa mfano wa tarehe 11 Julai 2021, Wembley, fainali ya Kombe la Ulaya, Shaw anaifungia Uingereza dhidi ya Italia dakika ya pili tu ya mchezo. Mfano mzuri. Ila dawa gani hiyo inayoponya miaka miwili na nusu baada ya daktari kufukuzwa kazi? Na katika mashindano yaleyale Mourinho, sasa akiwa mchambuzi, alikuwa bado anamsema Shaw, safari hii kwa kona zake. Shaw akajibu kwamba inaonekana amemkaa sana yule bwana kichwani.

## Sentensi haistaafu

Kuna kisa cha zamani zaidi ambacho huwa nakipenda na kukionea huruma kwa pamoja. Machi 1998, Giovanni Trapattoni, Mwitaliano anayeifundisha Bayern Munich, anakaa mbele ya waandishi wa habari na kulipuka kwa Kijerumani chake cha kuungaunga. Timu imefungwa na Schalke, wachezaji wananung'unika, yeye kachoka. Anawataja kwa majina: Scholl, Basler, Strunz. Anasema wachezaji wake walikuwa dhaifu kama chupa tupu. Anauliza kwa sauti ya juu, Strunz anajiona nani? Anamaliza kwa sentensi iliyopinda sarufi, kitu kama "mimi nina kumaliza", anainuka, anaondoka.

Wajerumani wanaicheka mpaka leo, kwa mapenzi. Trapattoni mwenyewe haikumwangusha. Msimu ule alichukua Kombe la Ujerumani kabla ya kuondoka.

Lakini mfikirie Thomas Strunz. Alikuwemo kwenye kikosi cha Ujerumani kilichotwaa Kombe la Ulaya 1996, na fainali alianza. Mtajie mtu jina lake leo uone kipi kinamjia kwanza.

## Kusema na viunga vyake

Lugha yetu imeshalimaliza jambo hili kwenye kitenzi kimoja, sisi ndio hatukisikilizi. Kusema na mtu, mko wawili na zamu yake ya kujibu ipo. Kumsema mtu, hata akiwa amesimama hapohapo, kazi yake ni kusikiliza. Kumsemea mtu, unatangulia mbele yake na kulibeba neno ambalo lingemwangukia. (Ajabu, kitenzi hichohicho tukiwa watoto kilikuwa na maana ya kumshitaki mtu kwa mwalimu: "nitakusemea!" Labda ndiyo maana makocha wengine huvichanganya.)

Kijana wangu sikusema naye. Nilimsema.

Bingwa wa kuwasemea wachezaji, kwa wale niliowahi kuwafuatilia, ni Alex Ferguson, aliyekuwa kocha wa Manchester United. Aprili 1996, United wanacheza ugenini kwa Southampton wakiwa na jezi za kijivu. Mapumziko wako nyuma 3-0. Ferguson anawavua zile jezi, kipindi cha pili wanatoka na nyingine, mechi inaisha 3-1. Maelezo yake baadaye? Wachezaji hawakuweza kuonana, rangi ile inamezwa na watu wa jukwaani.

Inachekesha, na dunia ilicheka. Wiki nzima watu wakajadili kitambaa.

Na ndiyo hapo. Wakati wanajadili kitambaa, hakuna aliyekuwa anamjadili beki yeyote. Msimu ule United walichukua ligi na Kombe la FA. Sisemi ni kwa sababu ya jezi.

Tusimgeuze Ferguson kuwa malaika, maana ni yeye huyohuyo aliyepiga teke kiatu chumbani mwaka 2003, baada ya kufungwa na Arsenal, kikampasua David Beckham juu ya jicho. Ukali alikuwa nao wa kumwaga. Tofauti ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa, na hata huko nyuma ya mlango kuna namna ya kuharibu: miezi michache baadaye Beckham alikuwa mchezaji wa Real Madrid.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nilikuwa naichukulia kama methali ya misibani. Sasa naisikia kama maelezo ya kazi ya kocha: unaona kila kitu, unagusa kila kitu, na ukitoka nje unakunja uso unasema mambo yako sawa.

## Halafu anatokea Dembélé

Ningeishia hapo makala ingekuwa fupi na mimi ningelala usingizi. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshafika kwenye msimamo safi kabisa, kocha asimseme mchezaji wake hadharani hata siku moja, ndipo nikamkumbuka Luis Enrique na kisa chake akiwa kocha wa Paris Saint-Germain (PSG) ya Ufaransa.

Oktoba 2024, PSG wanakwenda kucheza na Arsenal kwenye Ligi ya Mabingwa. Mshambuliaji wao Ousmane Dembélé anaachwa nyumbani. Kocha hafichi sababu. Anaeleza mbele ya watu wote kwamba asiyetimiza anachodaiwa na timu hayuko tayari kucheza. PSG wanafungwa 2-0, na wengi tukasema huyu kocha kaiponza timu kwa kiburi chake.

Mei 2025 PSG wanaichapa Inter 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Septemba ya mwaka huohuo Dembélé anabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Utafanya nini na mfano kama huo? Nilijaribu kuuzunguka. Nikasema labda ni bahati, labda angewika tu. Haikunitosha. Ukweli ni kwamba kuna wachezaji wanaosemwa hadharani na wakainuka, na kuna makocha wanaosifia kila kitu mpaka sifa zao zikawa hazinunui chochote. Mimi mwenyewe nimewahi kuchezea kocha wa aina hiyo. Kila baada ya kipigo alitupigia makofi na kusema tumejitahidi. Ilifika mahali tukawa hatumtazami akiongea, tunafungua kamba za viatu.

Kilichonisaidia ni kisa kingine cha Luis Enrique huyohuyo, cha mwaka mmoja nyuma. Novemba 2023, PSG wanashinda 3-0 kwa Reims, mabao yote matatu ya Kylian Mbappé. Kocha anaulizwa kuhusu nyota wake. Anasema hajafurahishwa sana naye leo.

Siku ya mabao matatu!

Pale kelele haiwezi kumwumiza mtu. Mbappé ana mpira wa mechi mkononi, ana jina, ana maikrofoni zinazomsubiri yeye pia akitaka kujibu. Na kocha hawezi kutuhumiwa kwamba anatafuta wa kumbebesha kipigo, kwa sababu kipigo hakipo. Hata kwa Dembélé, maneno yalikuja kabla ya mechi, na aliyeingia hatarini ni kocha mwenyewe: kamwacha nje, angefungwa lawama zingekuwa zake. Akafungwa, zikawa zake.

Sasa nipime mimi. Nilimsema mdogo kuliko wote, siku yake mbaya kuliko zote, baada ya filimbi ya mwisho, na mzigo wangu ukaniishia palepale.

## "Na mabeki je?"

Niliwahi uwanjani mapema siku ya mazoezi. Nilijua nitamkuta, kwa sababu huwa anafika kabla ya wote. Alikuwa bombani anafua glovu zake. Ile ya kulia ina plasta nyeupe kwenye kidole gumba, imekwishageuka rangi ya udongo.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba."

Akaendelea kukamua, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia nilikosea kusema vile, nisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa hasira, au kwa ile "hamna shida kocha" ya kukuondoa. Akasema:

"Lakini ni kweli nilicheza vibaya."

Nikakosa la kusema. Halafu, bila kuinua macho kutoka kwenye glovu, akauliza polepole, kama anayeuliza saa:

"Na mabeki je, kocha? Mbona hukuwataja?"

Sikumjibu siku ile. Jibu nilikuwa nalo, sikulipenda tu.

Wiki ile ya kipigo, siku ya Jumatano, nilikuwa nimewaagiza mabeki wapande juu, karibu na mstari wa kati, wawabane wapinzani kwenye nusu yao. Nimeiona kwa timu kubwa, ikanivutia. Mabeki wangu wawili wa kati ni wazuri kwa kichwa na wazito kwa mbio, na hilo nilikuwa nalijua. Mabao yote manne yalianza hivyohivyo: pasi ndefu ya juu nyuma ya mabeki, mshambuliaji wao anakimbia peke yake, kipa wangu anabaki na uwanja mpana mbele yake na nusu sekunde ya kuamua. Ile kusitasita kwake kwenye bao la pili, ambayo nimewaelezea hapo juu kwa mbwembwe, ilikuwa ni kijana anayejaribu kuziba shimo nililolichimba mimi Jumatano.

Kwa hiyo ningeweza kusema "leo nilipanga vibaya." Ilikuwa sentensi fupi vilevile.

Na beki mmojawapo ni nahodha. Ningemtaja yeye, angenijibu palepale mbele ya simu, na ana mdomo. Kipa hana. Ningependa kuwaambia kwamba sikuyafikiria hayo yote kabla ya kufungua mdomo, na ni kweli, sikuyafikiria. Mdomo wenyewe ulijua pa kuelekea.

Tangu hapo nikisikia kocha anamtaja mchezaji najikuta nauliza maswali mawili: kwa nini huyu, na ni nani au nini kimeachwa kutajwa?

Nikajiuliza pia kocha anajua nini dakika kumi baada ya mechi. Mei 2018, Kyiv, kipa wa Liverpool Loris Karius aliizawadia Real Madrid mabao mawili kwenye fainali waliyofungwa 3-1. Siku chache baadaye madaktari wa Boston waliompima wakasema alikuwa na mtikisiko wa ubongo alioupata ndani ya mechi ileile, na kwamba huenda ndio uliomharibia. Watu wamebishana na matokeo yale mpaka wamechoka, na mimi sina haja ya kuyaamulia. Ninachowaza ni Jürgen Klopp, kocha wake wakati ule, kusimama usiku ule mbele ya kamera akasema neno kama langu, "kipa wetu leo hakuja," kisha baada ya siku tisa ripoti itangazwe.

## Lakini ukiulizwa?

Bado kuna mfupa. Kocha haendi kujisemea tu, anaulizwa. Septemba 2023 Erik ten Hag, wakati huo kocha wa Manchester United, aliulizwa kwa nini winga wake Jadon Sancho hayumo kikosini dhidi ya Arsenal. Akajibu: hakuchaguliwa kwa sababu ya kiwango chake mazoezini. Jibu la kikazi, halina tusi ndani yake. Sancho akaandika mtandaoni kwamba si kweli, kwamba amekuwa akibebeshwa lawama muda mrefu. Akaishia kufanya mazoezi mbali na kikosi cha kwanza, Januari akapelekwa kwa mkopo Borussia Dortmund, na ilipofika 1 Juni 2024 alikuwa Wembley anacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa na jezi ya njano.

Ten Hag alitakiwa ajibuje? Angesema Sancho ana maumivu angekuwa mwongo. Angekaa kimya, ukimya ungeandikwa vichwa vya habari. Nimejaribu kumtungia jibu bora mara kadhaa, nikiwa naoga, nikiwa njiani. Lililo karibu zaidi ni "nimechagua wengine". Na hata hilo lina mlango wa nyuma.

Jumamosi iliyopita tumefungwa tena, mbili kwa moja. Bao la pili mpira ulimponyoka kipa mikononi, mshambuliaji akamalizia. Mvua ilikuwa imenyesha, mpira una tope, hayo hutokea. Jamaa wa simu akaja, bila chupa safari hii.

"Kocha, leo imekuwaje?"

"Tumechelewa kufanya mabadiliko. Hilo ni langu."

Nikajiona nimekua. Yeye haridhiki. "Na kipa je, lile bao?"

Nyuma yangu kulikuwa na sauti ya glovu zinazogonganishwa kukung'uta tope, pa, pa, pa. Ikanyamaza.

"Kipa nitaongea naye," nikasema, kwa upole kabisa, nikaondoka na begi la mipira begani.

Usiku, saa tatu kasoro, simu ikalia.

"Shikamoo kocha. Unataka kuongea na mimi nini?"